Kabla Hujalipia Programu ya Kugeuza Tovuti Yako Kuwa Kitabu Pepe, Jibu Maswali Haya Manne

Wengi humu mnauza bidhaa mtandaoni, na baadhi yenu mna tovuti zenye masomo mliyoandika wenyewe: kutengeneza sabuni ya maji, kufuga kuku wa kienyeji, kupamba keki. Masomo 10 ya namna hiyo ukiyakusanya vizuri ni kitabu pepe, na kitabu pepe unakiuza tena na tena bila kununua mzigo mpya.

Shida inaanzia kwenye programu ya kuyageuza. Ziko kibao, na nyingine zinataka malipo kila mwezi. Ukikosea kuchagua, mteja anapokea kitu kisichosomeka, na mteja wa hivyo harudi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jibu haya.

1. Mteja wangu atafungulia kwenye nini?

Anza na hili, maana ndilo linaloamua mengine. Kama wateja wako wanapokea kitabu kwa WhatsApp na kusomea kwenye simu, jua kwamba PDF inafunguka karibu kwenye kila simu, ila ukurasa wake haubadiliki. Ukurasa wa A4 kwenye kioo kidogo unamfanya msomaji akuze maandishi kwa vidole na kuyasogeza kushoto kulia mpaka achoke. EPUB inajipanga yenyewe kufuata kioo, na msomaji anakuza herufi anavyotaka, lakini anahitaji programu ya kusomea kama Google Play Books.

Ushauri wangu: mpe zote mbili kwa bei ileile. Na hiyo PDF itoe kwa ukubwa wa A5, herufi za 14 au 16, siyo A4.

2. Inaondoa takataka za ukurasa?

Ukurasa wa tovuti una menyu, matangazo na vitufe. Programu dhaifu inabeba vyote hivyo na kuviweka katikati ya somo lako. Ukitaka ukurasa mmoja tu, huna haja ya kununua chochote: ufungue kwa Firefox kwenye kompyuta, bonyeza Reader View pembeni ya anwani, menyu na matangazo vitaondoka, kisha nenda kwenye kuchapisha na uchague kuhifadhi kama PDF.

Lakini masomo 10 kwa njia hiyo yatakupa faili 10. Hicho bado si kitabu.

3. Inatengeneza sura na orodha ya yaliyomo?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kwa kitabu kizima kuna njia mbili za bure.

Ya kwanza ni Google Docs. Nakili masomo yako yote kwenye hati moja. Kila kichwa cha somo kipe mtindo wa Heading 1. Kisha ingia File, halafu Download, utoe EPUB, na urudie utoe PDF.

Ya pili ni Calibre. Ni ya kompyuta, imekuwepo tangu 2006, na haina malipo. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, siyo kwa linki za kutumiwa. Ina mtego mmoja kwetu sisi tunaoandika Kiswahili: ukiipa kurasa za tovuti moja kwa moja, inatafuta sura kwa maneno ya Kiingereza kama "Chapter" na "Part". Ukiandika "Sura ya Kwanza" inaweza kupita bila kuiona. Dawa yake ni kuipa hati ya Word ambayo vichwa vyake vina Heading 1. Hapo itapanga yaliyomo yenyewe.

4. Gharama yake halisi ni ipi?

Kabla ya kulipia, uliza: nalipa mara moja au kila mwezi? Nikiacha kulipa, bado nitaweza kufungua na kurekebisha kitabu changu? Wanaweka nembo yao kwenye kurasa zangu? Na zile tovuti za kubandika linki ukaletewa faili, kumbuka kazi yako inapita kwenye kompyuta za watu wengine kabla hata hujaiuza.

Jambo lingine la muhimu: geuza kurasa zako mwenyewe tu. Programu itakubali linki ya mtu yeyote, lakini sheria haikubali. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Somo la mwenzako likiwa zuri, omba ruhusa kwa maandishi.

Zoezi la leo: chukua masomo matatu tu, yapitishe Google Docs, utoe EPUB na PDF. Jitumie kwa WhatsApp, kisha mtumie na ndugu mwenye simu ya kawaida kabisa. Mwambie afike somo la tatu bila kumwelekeza. Akifika kirahisi, huhitaji programu ya kulipia. Akikwama, angalia kakwama wapi. Hapo ndipo utajua ununue nini, au usinunue kabisa.

Mtumie somo hili mwenzako anayetaka kuanza kuuza maarifa. Umekwama hatua gani? Andika hapo chini tusaidiane.