Dondoo Muhimu: Mhitimu wa TEHAMA Mbele ya Wasaili

Mhitimu wa TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, hupimwa katika usaili kwa namna anavyoieleza kazi yake, si kwa namna anavyoifanya tu. Nchini Tanzania, ambako Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huendesha usaili wa mchujo, wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, na wa mahojiano, ustadi wa kuandika programu humfikisha msailiwa mlangoni tu.

Ugumu mkubwa uko kwenye lugha. Masomo ya sekondari na chuo kikuu hufundishwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali mhasibu wa halmashauri au mwenye duka atakayeutumia mfumo uliotengenezwa na mhitimu huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo inafaa mhitimu ajizoeze kuueleza mradi wake wa mwaka wa mwisho kwa lugha zote mbili, akianza na tatizo lililokuwapo, kisha waliosaidiwa, na ndipo ataje zana alizotumia. Kanzidata, kwa mfano, inaweza kuelezwa kuwa ni hifadhi ya taarifa zilizopangwa ili zipatikane upesi, na maelezo hayo hayamshushii mtaalamu hadhi, ingawa wengi hudhani yanamshushia.

Kabla ya usaili, barua ya maombi ya kazi isizidi ukurasa mmoja. Ndani ya usaili, swali lisipoeleweka, liombewe ufafanuzi kabla ya kujibiwa. Na pale ambapo mradi ulifanywa na kikundi, msailiwa abainishe sehemu aliyoitekeleza mwenyewe, kwa sababu jibu la "tulifanya" pekee halimwonyeshi msaili uwezo wa mtu mmoja.