Yuniti Moja ya Umeme: Bei Yake Inavyopatikana na Mahali pa Mtumiaji Kusema

Somo hili linajibu swali ambalo mtumiaji wa kawaida hujiuliza kila anunuapo umeme: yuniti moja imepataje bei yake, na ni nani aliyeipanga? Jibu lake halipo ndani ya mita. Limo katika mageuzi ya sekta ya umeme ambayo Tanzania imeyapitia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambayo hayajakwisha. Tutaanza na stakabadhi ya LUKU, kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi mwa msomaji, kisha tutarudi nyuma tuone mambo yaliyoifanya iwe jinsi ilivyo.

Yaliyomo katika stakabadhi

Bei za TANESCO zilizoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016 ziliwagawa wateja wa majumbani katika makundi mawili. Kundi la D1 ni la wenye matumizi madogo, ambao kwa wastani hawazidishi yuniti 75 kwa mwezi. Hao hulipa shilingi 100 kwa kila yuniti, na yuniti inayovuka kiwango hicho hutozwa shilingi 350. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida, na yuniti yake ni shilingi 292. Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) asilimia 3, na tozo ya EWURA asilimia 1. Kwa hiyo mteja wa T1 hulipa shilingi 356 na senti kadhaa kwa yuniti, na wa D1 hulipa shilingi 122.

Shilingi 10,000 humpatia mteja wa T1 yuniti 28 hivi. Akikuta amepewa chini ya 24, asidhani bei imepanda. Mara nyingi ni kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo si sehemu ya bei ya umeme, na mdaiwa wake ni mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme huitanguliza tu, na anastahili kukubaliana na mwenye nyumba namna ya kurudishiwa au kukatwa katika pango.

Jambo linalotugusa zaidi ni tofauti kati ya D1 na T1. Familia inayotumia yuniti 70 kwa mwezi hulipa shilingi 8,540 ikiwa katika D1, na shilingi 24,900 na ushei ikiwa katika T1, kwa taa zilezile na feni ileile. Umeme wa D1 hauzalishwi kwa gharama ndogo kuliko mwingine. Bei yake ni uamuzi wa makusudi wa kuwapunguzia mzigo wenye kipato kidogo, na pengo linalobaki hubebwa na wateja wengine. Uamuzi huo ni mzuri. Lakini hupimwa kwa mita, wala haupimwi kwa familia. Nyumba ya vyumba sita iliyo na mita moja, kila chumba na mpangaji wake, huvuka yuniti 75 kabla mwezi haujakwisha. Nyumba nzima huhesabiwa kuwa T1, na wapangaji ambao kila mmoja hatumii hata yuniti 20 hulipa bei ya juu. Wakati huohuo, mwenye nyumba ya mapumziko anayefika mara chache kwa mwaka aweza kuangukia katika D1. Wapangaji wa namna hiyo wakiweza kukubaliana na mwenye nyumba kuomba mita ya pili au ya tatu, wapige hesabu kwanza: gharama ya kuunganishwa hulipwa mara moja, lakini tofauti ya bei hulipwa kila mwezi.

Kutoka mzalishaji mmoja hadi wengi

TANESCO ilianzishwa mwaka 1931 ikiwa kampuni ya watu binafsi, na Serikali ikaanza kununua hisa zake mwaka 1964. Kwa miaka mingi ndilo shirika pekee lililozalisha umeme, likausafirisha, likausambaza na kuuuza. Sehemu kubwa ya umeme huo ilitokana na maji ya mito, hasa katika mabwawa ya Kidatu na Mtera. Ukame wa miaka ya 1990 ulipoyakausha mabwawa hayo, nchi iliingia katika mgawo wa umeme. Sera ya nishati ya mwaka 1992 ikawafungulia wawekezaji binafsi mlango wa kuzalisha umeme na kuiuzia TANESCO.

Hapo ndipo yalipoingia malipo ambayo mtumiaji hayaoni popote katika stakabadhi. Mwenye mtambo binafsi hulipwa kwa namna mbili. Kwanza, hulipwa kwa umeme aliouza. Pili, hulipwa kwa kuuweka mtambo wake tayari, uwashwe usiwashwe. Mfano wake ni kukodi basi dogo kwa siku nzima kwa ajili ya msiba: mafuta hulipiwa kadiri linavyotembea, lakini fedha ya siku hulipwa hata kama basi limeegeshwa chini ya mwembe mpaka jioni. Si dhuluma, kwani hakuna mtu atakayejenga mtambo kwa mkopo bila hakika ya kulipwa. Lakini fedha ya siku ikikubaliwa kuwa kubwa mno, au mabasi yakikodiwa mengi kuliko waombolezaji, wenye msiba hubaki na deni.

Mkataba kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL, uliotiwa saini mwaka 1995, ulikuwa wa namna hiyo: mtambo wa megawati 100 huko Tegeta, kwa miaka 20, ukitumia mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Gharama yake ilileta mgogoro uliofikishwa katika baraza la kimataifa la usuluhishi, na mtambo ukaanza kuuza umeme mwaka 2002, miaka saba baada ya mkataba ulioharakishwa kwa hoja ya dharura. Mwaka 2004 mitambo ya Songas, inayotumia gesi ya Songo Songo, ilianza kazi Ubungo. Mafuta yake yalikuwa ya nyumbani na nafuu zaidi, ingawa nayo ililipwa kwa muundo uleule. Mwaka 2006 ukame ulirejea, ukatolewa mkataba mwingine wa dharura, wa Richmond, na mwaka 2008 mkataba huo ulimfanya Waziri Mkuu ajiuzulu. Kwa maoni yetu, mikataba iliyofungwa gizani, kwa maana zote mbili za neno hilo, imemgharimu mtumiaji kuliko swali la nani anamiliki shirika.

Hata hivyo, swali la umiliki ndilo lililozungumzwa sana. Mwaka 1997 TANESCO iliwekwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa. Mwaka 2002 uongozi wake ukakabidhiwa kampuni ya NET Group Solutions ya Afrika Kusini. Mwaka 2005 shirika likatolewa katika orodha ile, na mwishoni mwa 2006 mkataba wa uongozi ukaisha. Makusanyo ya fedha yaliongezeka katika kipindi hicho, kwani wadaiwa sugu, zikiwemo taasisi za umma, walikatiwa umeme. Lakini kukusanya madeni hakuleti mvua, na mgawo ulikuwapo palepale. Mwaka 2014 ukatolewa mpango mwingine wa kuligawa shirika hatua kwa hatua hadi mwaka 2025. Mwaka huo ulifika na TANESCO bado ni moja.

Majirani zetu walikwenda mbali zaidi. Uganda iliigawa bodi yake ya umeme kuwa kampuni tatu mwaka 2001, na mwaka 2005 ikaikabidhi kampuni ya Umeme kazi ya usambazaji kwa miaka 20. Umeme uliopotea njiani au kuibwa ulipungua kutoka zaidi ya theluthi moja hadi chini ya asilimia 20, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini bei ililalamikiwa miaka yote, kwa sababu sehemu yake kubwa ilitokana na mkataba wa bwawa la Bujagali, la megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012. Msambazaji hodari hawezi kuuza kwa bei nafuu kitu alichouziwa ghali. Mkataba wa Umeme ulipokwisha mwezi Machi 2025, usambazaji ulirudi mikononi mwa kampuni ya Serikali.

Anayepanga bei

Badiliko linalomhusu mtumiaji kwa karibu zaidi ni kuanzishwa kwa mdhibiti. EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, ndiyo inayopitia maombi ya bei. TANESCO haipangi bei yake yenyewe. Huwasilisha maombi yenye hesabu za gharama, maombi hutangazwa, kisha hufanyika mkutano wa taftishi, ambapo wananchi, wenye viwanda na Baraza la Ushauri la watumiaji (EWURA CCC) huhoji hesabu hizo hadharani.

Taftishi si mapambo. Mwaka 2016 TANESCO iliomba ongezeko la takriban asilimia 18. Baada ya uchunguzi, EWURA iliidhinisha asilimia 8.5, kuanzia tarehe 1 Januari 2017. Zaidi ya nusu ya ombi ilikataliwa kwa hoja za hesabu. Kisha Serikali ikalisitisha hata lile lililoidhinishwa, na Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO akaondolewa. Watumiaji walipumua, nasi hatuwalaumu. Ila gharama isiyolipwa kupitia bei haifi. Huhamia mahali pengine: katika deni la shirika, katika kodi, au katika nguzo iliyooza ambayo haibadilishwi mpaka ianguke. Tungependelea ubishi huo umalizikie katika taftishi, ambako kila upande huonyesha hesabu zake.

Leo hoja imegeuka. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa mwaka 2024. Mkataba wa ujenzi wake ulikuwa wa takriban shilingi trilioni 6.5, fedha za Serikali. Wengi huuliza mbona bei haijashuka ilhali umeme sasa ni mwingi. Swali ni halali, na jibu lake ni kwamba bwawa huzalisha tu. Umeme huo husafiri mamia ya kilomita, hupita katika transfoma zilizochoka, na sehemu yake hupotea kabla ya kufika mtaani. Fedha ya bwawa nayo imetoka kwa mlipakodi, na namna itakavyohesabiwa katika bei ni jambo la kuulizwa taftishi itakapoitishwa.

Namna ya kusema

Tangazo la taftishi litokapo, mtumiaji ana haki ya kuhudhuria au kupeleka maoni kwa maandishi. Maoni yanayosema tu kwamba maisha ni magumu ni ya kweli, lakini hayabadilishi hesabu. Maswali yafuatayo huibadilisha: Umeme unaopotea njiani ni asilimia ngapi, na kwa nini alipe mteja? Taasisi zipi hazilipi, na deni lao limebebeshwa nani? Mtambo upi unalipwa bila kuwashwa? Kiwango cha yuniti 75 kinawatendea vipi wapangaji wanaochangia mita?

Malalamiko ya mtu mmoja mmoja, kama vile kuhamishwa kundi, mita mbovu au kifaa kuungua, huanzia TANESCO. Yasipotatuliwa hupelekwa EWURA, na asiyeridhika na uamuzi wa EWURA aweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. EWURA CCC humsaidia mlalamikaji asiyejua kuandaa hoja zake. Malalamiko yawe ya maandishi, yataje namba ya mita, tarehe na saa ya tukio, na mlalamikaji adai nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Asiyekuwa na nakala hiyo hulazimika kuanza upya kila anapofika mbele ya ofisa mwingine. Ujumbe wa tokeni uliobaki katika simu nao ni ushahidi: usiufute kabla shauri halijakwisha.