Jipya liende mbele, mdogo wangu

Wadogo zangu wa Ngarama, wa Rubondo, wa Juru na ninyi mlioko Base Camp hapa makazi ya Nakivale, sogeeni tuzungumze. Mvua za Machi zinakaribia na maswali yenu yamebadilika. Kiangazi mnaniuliza habari za wachumba na wakwe. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa Nakivale, mnaniuliza habari za tairi. Na mimi nawajibu kwa moyo ule ule. Kwa kijana anayebeba mikungu ya matoke kwenda sokoni, au binti anayewahi shule kwa baiskeli ya gia ya mtumba, tairi si jambo dogo. Ukianguka topeni mbele ya watu, aibu itakwisha jioni ile ile. Bega litauma miezi.

Swali linalojirudia kuliko yote ni hili: "Dada, nina hela ya tairi moja tu. La nyuma limekwisha. Nilinunue la nyuma?"

Nunua, ndiyo. Lakini usilifunge nyuma. Jipya liende mbele, na lile la mbele, ambalo bado lina meno ya kutosha, ndilo lirudi nyuma. Nitalisema hili mpaka mchoke kunisikia.

Najua wazo la nyuma linatoka wapi, na wala silaumu mtu. Nyuma ndiko kwenye mzigo, nyuma ndiko mnyororo unakovuta, kwa hiyo tairi la nyuma ndilo linalowahi kuwa kipara, na jicho lako linalionea huruma. Wengine mnafanya baya zaidi: mnafunga jipya nyuma, halafu kile kipara mnakihamishia mbele ati kimalizie siku zake. Hapo mnanitia hofu kwelikweli. Tairi la nyuma likiteleza, baiskeli inayumba, unashusha mguu, unajishika, unaendelea na safari huku moyo unadunda. La mbele likiteleza, hakuna nafasi ya kushusha mguu. Usukani unageuka ghafla, nawe unashuka na mkono umenyooshwa mbele, na hivyo ndivyo watu wanavyovunjika mtulinga na kifundo cha mkono. Tena ukishika breki, uzito wako wote unakimbilia mbele. Kusimama kwako kuko pale, kukata kona kwako kuko pale. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee, na kwa baiskeli guu lenyewe mara nyingi ni bega.

Haya, umenielewa. Sasa tairi gani?

Kwanza uitazame njia yako, kwa sababu dukani kila tairi ni zuri. Huku kwetu Isingiro ni vilima na udongo mwekundu. Mvua ya nusu saa ikipita, ngozi ya juu ya barabara inakuwa kama sabuni, ilhali chini yake bado pagumu. Tope la namna hiyo halitaki tairi pana la kuelea juu yake. Linataka tairi la wastani, lenye meno marefu yanayopenya utelezi na kushika pale pagumu. Kwa baiskeli nyingi za gia tunazoziona huku, upana wa inchi 1.95 mpaka 2.1 unatosha kabisa. Ukishuka kwenye mabonde karibu na ziwa, tope ni jingine: zito, la kunata, linapanda na gurudumu na kujaa kwenye foku mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Pale kinachokuokoa ni nafasi kati ya meno. Yakiachana, tope linadondoka lenyewe gurudumu linapozunguka. Yakibanana, linajaa, linakauka, na baada ya mita mia unaendesha tairi lisilo na meno hata moja.

Kwa hiyo ukilishika tairi mkononi, ingiza ncha ya kidole kati ya jino na jino. Ikikaa vizuri, hilo ni la masika. Kisha tazama meno ya pembeni, yale ya mabegani mwa tairi. Hayo ndiyo yanayouma udongo unapolaza baiskeli kwenye kona, na wengi huyasahau kwa sababu ukiwa umesimama wima hayagusi hata chini. Yawe marefu, yawe imara, yasipindike kirahisi ukiyasukuma kwa kidole gumba. Halafu bonyeza mpira kwa ukucha. Mpira mgumu sana utakaa miaka, lakini juu ya jiwe lililolowa utakutupa. Mpira laini kidogo unashika, ila unaisha upesi zaidi. Mimi kwa mbele nachagua laini bila kusita, maana tairi la mbele haliliki haraka kama la nyuma, na uhai wako hauuzwi na mpira wa akiba.

Sitaki kuwaficha hasara zake. Tairi la meno marefu likifika kwenye lami ya Kabingo kwenda Mbarara linavuma, ni zito, na utaona mwenzako mwenye tairi lisilo na meno anakupita huku anaimba. Vumilia. Kama safari zako nyingi ni za lami, weka meno mafupi nyuma upate wepesi, ila mbele msimu huu usibadilishe mawazo. Usione wivu, mdogo wangu. Naye akifika kwenye mteremko uliolowa atakusubiri.

Hapo nigusie jambo lililowachanganya wengi tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Mliwaona wale mabingwa kwenye simu zenu, matairi yao membamba yasiyo na meno, na sasa kila mtu anataka yale. Wapendwa, wale walikuwa kwenye lami na mawe yaliyopangwa, barabara imefungwa, gari la timu linafuata nyuma na gurudumu jingine tayari. Wewe unashuka kilima cha Ngarama na jerikani la maji. Mashindano yenu ninyi wa baiskeli za milimani ni yale ya kupita porini, yaliyoingia Olimpiki Atlanta mwaka 1996, na hata wale mabingwa wakiona mvua wanabadilisha matairi kabla ya kupanga mstari. Hilo ndilo la kuiga.

Sasa niwaambie habari ya namba, kwa sababu hapa ndipo hela zinapopotea, na hela ya kwetu haiokotwi. Mtu anapanda gari mpaka Mbarara, anamwambia mwenye duka "nipe ishirini na sita", anarudi jioni, tairi haliingii. Analia, anamtukana mwenye duka. Mwenye duka hakukosea, na wewe hukukosea sana, kwa sababu ishirini na sita ziko zaidi ya moja. Baiskeli ya gia ya milimani ni 26 x 1.95 au 26 x 2.1, imeandikwa kwa nukta. Ile ya Kijapani ya mtumba, yenye kikapu mbele, mara nyingi ni 26 x 1 3/8, imeandikwa kwa sehemu. Mdomoni zote ni ishirini na sita, lakini rimu zake zimepishana milimita 31. Tairi moja haliingii hata ukililazimisha kwa bisibisi, na jingine linapwaya mpaka linachomoka.

Dawa yake ni hii. Piga magoti ufute tope ubavuni mwa tairi lako la zamani. Utaona namba ndogo yenye kistari katikati, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili haibishaniwi. Baiskeli ya gia ya inchi 26 ni 559. Ile ya Kijapani ni 590. Ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622, na ile baiskeli nzito nyeusi ya mizigo ya baba zetu, 28 x 1 1/2, ni 635. Ipige picha kwa simu, au iandike mkononi kwa kalamu. Upana unaweza kuupandisha au kuushusha kidogo, lakini kipenyo usikiguse. Na kabla hujapandisha upana, pitisha kidole chako kati ya tairi na foku, na kati ya tairi na breki. Kisipopita kwa raha, tope nalo halitapita, na utaibeba baiskeli begani badala ya yenyewe kukubeba.

Dukani usione haya kuuliza na kugusa. Hili nawaambia hasa wasichana, maana mnaniandikia kwamba mkiingia duka la vipuri mnaongea na mwenye duka huku anamjibu kaka yenu. Shika tairi wewe mwenyewe, soma namba kwa sauti, atakugeukia. Na matairi yale yanayoning'inia nje mwaka mzima, yakipigwa jua la mchana, yachunguze sana. Likunje ubavu karibu na jicho. Ukiona nyufa nyembamba, hilo limezeeka kabla ya kuzaliwa, hata kama bado linang'aa na lebo iko. Rahisi ni ghali, wadogo zangu, na tairi lililopasuka ubavuni likiwa katikati ya mteremko halina punguzo.

Ukilifunga, tafuta mshale ubavuni unaoonyesha linavyopaswa kuzunguka likienda mbele. Si kila tairi lina mshale, lakini likiwa nao uheshimu, maana meno yamechongwa kusukuma tope kwa upande huo. Halafu upepo. Wengi mnajaza mpaka tairi linalia kama ngoma kwa sababu mnaogopa pancha. Tairi gumu hivyo linaruka juu ya utelezi badala ya kuushika. Ubavuni pameandikwa kiwango cha chini na cha juu, tuseme paundi 40 hadi 65. Masika, kama huna mzigo mkubwa, mbele kaa karibu na kile cha chini, nyuma ongeza. Usishuke chini yake, maana rimu itabana tyubu kwenye jiwe na kuacha matundu mawili pacha, nawe utatafuta solusheni na viraka mvua ikikunyeshea. Na miiba ya migunga haiendi likizo masika; imefichwa tu na majani.

Kuna wengine mnaniandikia kutoka mbali, mliochukuliwa na ndege mkapelekwa Minnesota, Kanada, Ulaya ya kaskazini. Mmoja ameniuliza: "Yaya, huku barabara imekuwa kioo, na kazini naenda kwa baiskeli. Nifanyeje?" Pole, mpenzi, na hongera kwa kutokata tamaa. Huko kuna matairi yenye vipini vidogo vya chuma kigumu vilivyopandwa kwenye mpira, na ndivyo vinavyouma barafu. Meno peke yake juu ya barafu hayafui dafu. Theluji laini ni tofauti: hiyo inataka tairi pana, meno yaliyoachana, upepo kidogo. Kama barabara zako zinaganda asubuhi, chukua la vipini, uliendeshe kwanza taratibu kwenye lami kavu ili vipini vikae sawasawa, ndipo ulitegemee. Bei yake ni kali, najua. Ukimudu moja tu, jibu langu umeshalijua, nami sibadilishi kwa sababu ya pasipoti: mbele.

Ninyi wa hapa nyumbani, msisubiri mvua ya kwanza iwafundishe. Jumamosi hii toa gurudumu la mbele, soma namba, tazama nyufa, pima meno kwa kidole. Kama fundi wako anasema bado lina mwezi mmoja, mwambie hewala, mwezi huo litaumalizia nyuma. Na yule wa Rubondo aliyeniuliza kuhusu breki zinazolia zikilowa, barua yako ninayo. Usizipake mafuta hata tone moja, nitakujibu toleo lijalo.