SOMO: KUSOMA KOMPYUTA YA GARI LA KIKUNDI

Lengo: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze kusoma namba za hitilafu za gari lao, na kuamua kama kweli kuna haja ya kununua spea.

Gari la kikundi likilala Sangailu, mengi hulala nalo: maji, unga, maziwa ya kuuza, na mgonjwa anayengoja kupelekwa Masalani au Garissa. Taa ya injini ikiwaka, wengine husema, "Hiyo ni kawaida tu, twende." Wengine hununua spea kwa kubahatisha mpaka mfuko wa kikundi ukauke. Yote mawili ni hasara.

Je, gari lenu lina kompyuta?

Si kila gari linayo. Land Cruiser ya zamani yenye injini ya dizeli ya 1HZ haina kompyuta ya injini; hapo mashine haina la kusoma. Marekani ililazimisha soketi ya aina moja kwa magari madogo ya modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Siku hizi magari mengi ya Kijapani yanayoingia Kenya yanayo pia. Tafuta chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva: soketi pana yenye nafasi ya pini 16.

Mashine ndogo ya kupimia huchomekwa hapo. Nyingine ina kioo chake. Nyingine hutuma habari kwenye simu. Kama ni ya simu, wekeni programu mapema, kabla hamjatoka penye mtandao.

Hatua za kufuata

1. Zima injini, vuta breki ya mkono, chomeka mashine.
2. Fungua swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini usipige stata.
3. Chagua sehemu ya kusoma makosa. Herufi P ni injini na giaboksi. C ni mambo kama breki na stelingi. B ni bodi. U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari.
4. Andika kila namba kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe na kilomita.
5. Usikimbilie kufuta. Ukifuta, taa huzimika lakini ugonjwa umebaki, na fundi hukosa ushahidi.
6. Ukimaliza, chomoa. Mashine ikiachwa siku nyingi hula betri.

Namba ni shahidi, si hakimu

Tuchukue P0118. Maana yake ni kwamba umeme kwenye njia ya sensa ya joto la maji ya injini umepanda kupita kiasi. Haisemi, "Nunua sensa." Fungua sehemu ya vipimo. Je, inaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri? Baridi hiyo haijafika Sangailu hata siku moja! Basi kompyuta imekosa habari: huenda waya umekatika, panya ameutafuna, au plagi ya sensa imelegea kwa mitikisiko ya barabara. Injini ikiwa imepoa, chomoa plagi hiyo, angalia kutu na vumbi, irudishe ikaze, kisha soma tena. Kipimo kikirudi sawa, kikundi hakijatoa hata shilingi. Kikikataa, fundi apime waya na sensa kabla ya mtu kutumwa dukani.

Tahadhari

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, au mshale wa joto ukipanda, simameni na kuzima injini mara moja. Huo si wakati wa mashine. Usifungue rejeta ikiwa moto. Taa ya injini ikiwakawaka bila kutulia, mara nyingi petroli haiungui vizuri ndani ya injini. Punguzeni mwendo na mzigo, msimame mapema mpate kuangalia.

Kazi ya kikundi

Chagueni watu wawili, mmoja asiwe dereva, watunze mashine na daftari. Gari lisomwe kabla ya kila safari ndefu, si baada ya kukwama njiani.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwaka uliopita tulinunua spea gani ambayo haikuponya gari?
2. Fundi akisema, "Badilisha hii," tumuulize nini kabla ya kutoa pesa?
3. Daftari la gari litakaa kwa nani?