Somo la Kompyuta: Kutumia Git kwenye Hifadhi ya Subversion



Baadhi ya miradi ya programu huria bado hutunza msimbo katika Subversion. Mmojawapo uliotumia mfumo huo kwa miaka mingi ni SWORD wa CrossWire Bible Society, unaotengeneza programu za kusomea Biblia. Subversion huweka historia yote kwenye seva moja. Kwa hiyo mtandao ukikatika hapa Dodoma, huwezi kuhifadhi badiliko jipya wala kusoma ya zamani. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huweka historia yote kwenye kompyuta yako. Chombo kiitwacho git svn huunganisha mifumo hii miwili.

1. Kusakinisha (Ubuntu)
sudo apt install git-svn

2. Kunakili hifadhi
git svn clone -s ANWANI
Alama -s hutumika ikiwa hifadhi ina folda za kawaida: trunk, branches na tags. Kazi hii huchukua muda, kwa sababu matoleo hushushwa moja baada ya jingine. Umeme ukikatika katikati, usifute kitu. Ingia kwenye folda ile, uandike git svn fetch, itaendelea ilipoishia.

3. Kuhifadhi kazi yako
git commit -am "maelezo mafupi"
Hapa huhitaji mtandao.

4. Kupokea kazi za wengine
git svn rebase
Mabadiliko yako yatapangwa juu ya yale ya wenzako. Hifadhi kazi yako kabla ya amri hii.

5. Kutuma
git svn dcommit
Kila badiliko ulilohifadhi huwa toleo moja kwenye Subversion. Asiye na ruhusa ya kuandika huko awatumie wasimamizi wa mradi faili la mabadiliko yake.

Tahadhari
Usiunganishe matawi kwa git merge. Historia ya Subversion hunyooka kama mstari mmoja. Pia usimpe mwenzako kwa njia ya Git mabadiliko ambayo hujayatuma. Amri ya dcommit huyaandika upya, naye atabaki na kazi ileile mara mbili.

Zoezi
Nakili hifadhi ndogo, kisha zima mtandao. Badilisha mstari mmoja, uhifadhi, usome git log. Washa mtandao, uandike git svn dcommit --dry-run. Utaona ambayo yangetumwa, bila chochote kutumwa.