Nyimbo ndani ya memori kadi: mali yako au amana ya watu?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku bila kulitafakari. Nalo ni kusikiliza nyimbo, qaswida, mawaidha na visomo vya Qur'an kwenye simu bila kutumia mtandao.

Kwa sisi wakazi wa Tabora, na kwa yeyote anayesafiri kwenda magharibi kwa njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Kigoma, au anayechepuka Kaliua kuelekea Mpanda, jambo hili si anasa. Bando lina gharama, na ukishaingia porini mtandao hukatika kwa masaa. Kwa hiyo msafiri mwenye akili huijaza simu yake kabla ya kupanda treni. Hilo ni jema. Swali langu ni hili: anaijaza nini, amekipata kwa njia gani, na ni cha nani?

Kubeba sauti si jambo jipya

Wapo wanaodhani kwamba kutembea na nyimbo ni uvumbuzi wa zama za simu. Si kweli. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, njia hii ilikuwa ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mizigo ikiwa mabegani, kiongozi akiwa mbele na ngoma ikipigwa. Waliimba njiani ili kupunguza uzito wa safari. Wimbo uliotungwa huku bara ulisikika pwani, na wa pwani ulifika Ujiji. Chombo cha kuhifadhia kilikuwa kichwa cha mtu.

Baadaye zikaja santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi, na sauti yake ikarudi Afrika Mashariki ndani ya masanduku. Ikaja redio, zikaja kaseti, zikaja CD, na sasa tuna memori kadi ndogo kuliko ukucha. Qur'an nayo ilipita njia hiyo hiyo. Ilikuwa mwaka 1961 ambapo Misri ilitoa rekodi ya kwanza ya Qur'an nzima kwa kisomo cha murattal, msomaji akiwa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary.

Lakini kuna jambo moja kuhusu wapagazi wale ambalo tumelisahau. Biashara ya misafara ilikuwa na dhuluma kubwa ndani yake, ikiwemo biashara ya watumwa, na hakuna haja ya kuipamba. Hata hivyo, mpagazi aliyepewa pembe ya ndovu aifikishe pwani alijua kwamba mzigo ule si wake. Kuwa nao begani kwa miezi mitatu hakukumfanya awe mwenyewe. Je, sisi tunaobeba nyimbo mfukoni tunalijua hilo?

Kwanza tujue tunachobeba

Tukisema tunasikiliza bila mtandao, huwa tunazungumzia mambo matatu tofauti, na wengi huyachanganya.

La kwanza ni faili lenyewe. Hili lipo kwenye simu au kwenye kadi, unaweza kulihamisha, kulinakili na kulicheza kwenye chombo kingine. Kwa kiwango cha kawaida cha MP3, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya sauti huchukua takriban megabaiti moja. Wimbo wa dakika tano ni megabaiti tano. Kadi ya gigabaiti nane huweza kubeba karibu nyimbo 1,500. Khitma nzima yenye masaa kama thelathini huchukua chini ya gigabaiti mbili, na ukipunguza kiwango hadi kilobiti 64 huchukua nusu yake, na kisomo bado kinasikika vizuri.

La pili ni nyimbo zilizopakuliwa ndani ya programu za muziki kama Boomplay au Spotify. Hapa watu wengi hushangaa. Mtu amelipia, amepakua, anauona wimbo kwenye simu, lakini hawezi kumtumia ndugu yake wala kuuhamishia kwenye redio ya gari. Sababu ni kwamba wimbo ule umefungwa kwa ufunguo wa programu. Kinacholipiwa ni ruhusa ya kusikiliza. Spotify, kwa mfano, huitaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili kuthibitisha kwamba malipo bado yanaendelea. Ukiacha kulipa, ruhusa inaondoka. Anayekwenda kukaa kijijini kwa miezi miwili na alijue hilo kabla ya kuondoka.

La tatu ni kile kinachobaki kwenye simu kwa muda baada ya kusikiliza mtandaoni. Hicho usikitegemee. Simu ikijaa hufutika chenyewe.

Tofauti hii ina maana kubwa. Katika aina ya pili, programu yenyewe inamlinda mwenye wimbo. Katika aina ya kwanza hakuna mlinzi isipokuwa uaminifu wa anayelishika faili. Na hapo ndipo penye tatizo letu.

Biashara ya kujaza kadi

Kila mji una vibanda vya kujazia nyimbo. Unatoa kadi, kijana anaichomeka kwenye kompyuta, unachagua bongofleva, taarabu, dansi la zamani au qaswida, na kwa bei ya soda na maandazi unaondoka na nyimbo mia tatu. Siku moja nilimuuliza kijana wa kibanda kama hicho: "Mwanangu, mwenye nyimbo hizi anapata nini?"

Akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, huyo anapata jina."

Nikamwomba anionyeshe hilo jina. Akafungua fungu lililoandikwa "Zilipendwa". Ndani yake kulikuwa na namba tu: 01, 02, 03, hadi mwisho. Hakuna jina la bendi, hakuna mwimbaji, hakuna mtunzi, hakuna mwaka. Basi hata hilo jina, ambalo ndilo malipo pekee aliyodai kwamba msanii anapata, msanii hakupata.

Sisemi hili ili kumdhalilisha kijana anayetafuta riziki. Lakini ukweli lazima usemwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyounda COSOTA, inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani ainakili na nani aiuze. Haki hiyo humfuata mtunzi maisha yake yote, na baada ya kufa hubaki kwa warithi wake kwa miaka 50. Maana yake ni kwamba katika fungu lile la namba kuna mali ya wajane na mayatima.

Na kwa Muislamu hoja haiishii kwenye sheria ya nchi. Mwezi Desemba 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait na kuamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazotambuliwa na sharia, kwamba zina thamani ya mali, na kwamba haifai kuzivamia. Qur'an nayo, katika Surat al-Baqara aya ya 188, inatukataza kula mali za wenzetu kwa batili. Sasa tujiulize, batili ni ile ya kuingia ghalani usiku tu?

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema: "Muziki wenyewe una hitilafu, kwa nini tuhangaike na haki za wanamuziki?" Ni kweli wanazuoni wametofautiana sana juu ya muziki na ala zake. Imam Ghazali katika Ihya aliitengea maudhui ya usikilizaji kitabu kizima, na mjadala haujafungwa mpaka leo. Sitauingia hapa. Lakini hitilafu juu ya wimbo haihalalishi jasho la mtu. Anayeamini kwamba kusikiliza ni haramu, basi aache kusikiliza. Hana hoja ya kusema kwamba kusikiliza ni haramu ila kunakili na kuuza ni halali.

Wapo wengine watakaosema: "Sisi tunauza qaswida na mawaidha. Hii ni kazi ya dini, ni sadaka." Hili nimelisikia mara nyingi, na lina kasoro iliyo wazi. Sadaka hutolewa na mwenye mali. Vijana wa madrasa waliochangishana wakalipia studio wanaweza kusema, "Tumeitoa fisabilillahi, sambazeni." Hapo kila mtu ana ruhusa. Lakini muuzaji aliyenakili bila kuuliza, kisha akatia pesa mfukoni mwake, ametoa sadaka gani? Ametoa mali ya mwingine na kuchukua malipo yeye.

Wapo pia watakaosema kwamba wananchi ni maskini na hawawezi kulipa. Nakubali kwamba hali ni ngumu. Lakini msikilizaji tayari analipa. Analipa kibandani, analipa bando, amelipia kadi na simu. Pesa ipo, ila haimfikii aliyeimba.

Tabora imepoteza nini

Mji huu ulikuwa na sauti zake. Kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, kulikuwa na Nyanyembe Jazz, kulikuwa na Tabora Jazz ambayo Shem Karenga kutoka Kigoma aliiimbia. Nyimbo za bendi za aina hiyo zilifika mbali kwa sababu zilirekodiwa na kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na mtangazaji alitaja bendi na wimbo. Msikilizaji wa Sikonge alijua anamsikiliza nani.

Leo nyimbo hizo zimo kwenye kadi zetu, zimechanganywa na za Morogoro, za Tanga na za Kongo, bila jina. Kijana wa Isevya anaweza kusikiliza gitaa lililopigwa na jirani wa babu yake na asijue. Huo ni upotevu wa pili juu ya ule wa pesa. Mali ikiibwa na jina likabaki, mwenyewe anaweza kuidai siku moja. Jina nalo likifutika, atadai kwa ushahidi gani?

Tufanye nini

Kwanza, tuulize chanzo. Pakua kutoka kwa mwenyewe, au kwenye programu yenye mkataba naye, au mahali ambapo mwenyewe ameweka wazi kazi yake. Kwa upande wa Qur'an hakuna kisingizio, kwani wapo wasomaji na taasisi nyingi zilizotoa visomo vyao bure kwa kila anayetaka.

Pili, tuandike majina. Ukiwa na faili la namba na unamjua mwimbaji, libadilishe: jina la mwimbaji au kundi, jina la wimbo, na mwaka kama unaujua. Ni kazi ya dakika moja. Wazee wanaozitambua bendi za zamani kwa kusikia tu bado wapo. Vijana wakae nao na simu, wasikilize pamoja na waandike.

Tatu, kazi adimu zihifadhiwe mahali pawili. Memori kadi hufa bila taarifa. Mwenye rekodi ya maulidi ya miaka ishirini iliyopita au ya sheikh aliyekwishafariki, na rekodi hiyo ipo kwenye kadi moja tu, atambue kwamba iko hatarini.

Nne, wenye vibanda waende COSOTA wakaulize utaratibu wa leseni, na viongozi wa madrasa na vikundi vya qaswida waandike waziwazi kwenye kazi zao: hii imeruhusiwa kusambazwa bure, au hii inauzwa. Ukimya wao nao unachangia vurugu hii.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa na uzito, kwa hiyo hakuweza kusahau kwamba amebeba cha mtu. Mzigo wetu hauna uzito wowote, na ndiyo maana ni rahisi kusahau. Lakini siku ya hesabu mizani haitaangalia uzito wa kadi. Itaangalia haki iliyomo ndani yake.

Wabillahi tawfiq.