Somo la Ufundi: Kwa Nini Amplifaya Huvuma Umeme Unaposhuka



Katika ukaguzi wangu pande za Temeke nilihudhuria mkutano mkuu wa chama kimoja, ulioendelea hadi magharibi. Mtunza hazina alipoanza kusoma taarifa ya fedha, spika zilivuma hata wanachama walioketi nyuma wasisikie tarakimu moja. Mikono iliinuliwa, taarifa ikapita. Jaladani nilikuta vocha mbili za kuitengeneza amplifaya ile ile. Kila mara fundi alibadili regyuleta. Regyuleta haikuwa na kosa.

Hesabu yake si ngumu kuliko ya riba ya mkopo. Transfoma hupokea volti 230 na kutoa 15. Dayodi nne huufanya umeme huo uelekee upande mmoja, na kapasita huujaza hadi kilele: 15 mara 1.41, toa 1.4 inayopotea katika dayodi, yaani volti 19.8 hivi. Regyuleta ya namba 7812 hutoa kwayo volti 12 tulivu, kwa sharti kwamba ipokee zipatazo 14 bila kukatika. Ziada huigeuza joto, na ndiyo sababu hufungwa kwenye bati la aluminiamu.

Sasa umeme wa ukutani ushuke hadi 180. Kilele huwa volti 15.2 tu. Mara 100 kwa sekunde kapasita hutoa akiba yake kabla ya kujazwa tena. Iliyokuwamo ni ya maikrofaradi 2,200. Kwa mzigo wa ampea 1 hupungukiwa na volti 4 hivi, hubaki 11. Regyuleta haiwezi kutoa 12 kutoka katika 11, na upungufu huo ndio mvumo tuusikiao. Kapasita ya maikrofaradi 10,000 hupungukiwa na volti 1 tu. Iwe ya kuhimili volti 35, na dayodi ziwe za ampea 3, kwa kuwa hujazwa kwa kishindo.

Wengine hushauri transfoma ya volti 18. Sikubaliani nao: umeme ukirudi kamili, joto linaweza kukaribia wati 12.

Kabla ya kuidhinisha vocha, Katibu adai kipimo cha volti zinazoingia kwenye regyuleta, kilichopimwa jioni amplifaya ikifanya kazi. Kifuniko asikiguse mtu asiye fundi.

Chama kile kilibadili kapasita na dayodi, kisha kikaisoma taarifa upya katika mkutano uliofuata. Maswali yalichukua saa nzima.